Aliyetoka Asifunge Mlango

Ipo kauli moja ambayo mtu aliyetoka katika dini kali huambiwa mara kwa mara hapa Kinondoni, na huambiwa na watu wema: "Wewe umeshatoka, mshukuru Mungu, wenzako waachie wenyewe." Huambiwa na jirani, na shemeji, na mzee wa msikitini, na katekista. Huambiwa kwa sauti ya upole, kana kwamba ni busara isiyohitaji kuthibitishwa. Mimi nimeisikia kwa zaidi ya miaka 20, na kadiri ninavyoisikia ndivyo ninavyozidi kuikataa. Katika kurasa hizi nataka kueleza kwa nini naikataa, na pia kwa nini siwezi kwenda njia moja na baadhi ya watu wanaoikataa pamoja nami.

Ili msomaji asinidhanie mgeni wa jambo hili, niseme kwamba niliishi miaka 11 katika kusanyiko moja dogo la kilokole lililokuwa na jengo la mabati upande wa Mwananyamala. Jina lake silitaji, kwa kuwa shabaha yangu si kulipiza kisasi, na kwa kuwa makusanyiko ya namna hiyo ni mengi. Halikumpiga mtu, wala halikumfungia mtu ndani. Lilikuwa na taratibu zake tu: dawa ya hospitali ni upungufu wa imani, shule baada ya darasa la saba ni mlango wa dunia, chakula cha "mataifa", yaani ninyi wote msiokuwa sisi, ni unajisi, na mtu akitoka, hasalimiwi. Nilitoka mwaka 1999.

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Ninaposema dini kali sina maana ya dini yenye mfungo mrefu au mavazi ya heshima. Mwislamu hufunga mwezi mzima, mtawa wa Kikatoliki huacha ndoa na mali, Msabato hafungui duka lake Jumamosi hata kama siku hiyo ndiyo yenye wateja. Hayo ni mambo ya watu na Mola wao, na wanaoyafanya huyafanya kwa hiari. Ukali ninaousema mimi haupimwi madhabahuni wala mezani; hupimwa mlangoni. Mtu akitaka kuondoka, anapatwa na nini? Kama anapata huzuni za marafiki na mawaidha mawili matatu, hiyo ni dini kama dini nyingine. Lakini kama siku hiyohiyo anapoteza mama, chumba, kazi na kaburi, basi hapo pana jambo jingine, hata kama nyimbo zake ni tamu.

Sasa tuirudie ile kauli. Wanaoisema hutanguliza hoja ya uhuru wa kuabudu. Husema kila mtu ana haki ya kuamini apendavyo, na kumfuata mtu katika imani yake ni kumwingilia. Naam, haki hiyo ipo, na iko katika ibara ya 19 ya Katiba yetu ya mwaka 1977. Lakini ibara hiyohiyo, katika kutaja uhuru wa imani, inataja pia uhuru wa mtu kubadilisha dini au imani yake. Haki hiyo ina milango miwili, wa kuingilia na wa kutokea. Watu wa pwani wanalijua dema: samaki huingia kwa raha zake, mdomo uko wazi, hakuna aliyemsukuma. Taabu huanza anapogeuka. Je, tutasema samaki aliyemo ndani ya dema amechagua kukaa humo kwa kuwa hakuna aliyemlazimisha kuingia? Anayetetea uhuru wa kuingia, kisha akanyamaza juu ya kutoka, hautetei uhuru. Analitetea dema.

Watu ambao hawajapata kuishi ndani hudhani kinachomshikilia muumini ni mafundisho. Hudhani kwamba ukimwonyesha aya fulani, au ukimthibitishia kwamba unabii fulani haukutimia, atafungasha na kuondoka. La hasha. Nimewaona watu waliokwisha kuacha kuyaamini mafundisho tangu zamani, nao bado wanakaa kiti kilekile kila Jumapili na mkesha kila Ijumaa. Kinachowashikilia ni mambo ya kawaida kabisa ya maisha ya mjini.

Hebu tuyatazame. Mtu anakuja Dar es Salaam kutoka Singida au Kigoma, hana ndugu. Kusanyiko linampa chumba kwa ndugu wa kiroho, mbali na kodi ya miezi sita kwa mkupuo ambayo mwenye nyumba mwingine angeidai. Linampa kazi kwa muumini mwenye genge au karakana. Linampa mke, maana hakuna kuoa nje. Akiugua, wapo wa kumkesha. Akifiwa, turubai linafungwa kabla hajamaliza kulia, masufuria yanakuja, kina mama wanapika, na daftari la rambirambi linafunguliwa. Katika mji huu, ambamo mtu anaweza kufia chumbani na jirani akajua baada ya siku tatu, hilo si jambo dogo. Ninalisema bila kejeli: kusanyiko lile lilitutunza. Ubaya wake haukuwa katika kututunza, bali katika kuhakikisha kwamba hatuna mtunzaji mwingine. Marafiki wa zamani tuliachishwa, michezo ya kupeana fedha na majirani tuliachishwa, misiba ya mtaani hatukwenda. Baada ya miaka kumi mtu wa namna hiyo akifa nje ya kusanyiko, nani atamzika? Jirani ambaye yeye hakumzikia mtoto?

Nilipotoka nililiona jambo hilo kwa macho yangu. Mwenye nyumba wangu alikuwa muumini, nikapewa wiki mbili. Fundi niliyefanya kazi kwake alikuwa muumini, akaniambia kwa aibu kwamba ana familia. Watu niliokula nao miaka 11 walivuka barabara waliponiona. Baba yangu alipofariki, miaka miwili baadaye, walisimamia msiba wao, kwa kuwa naye alikuwa wao, na mimi mtoto wake wa kiume nilielekezwa kusimama ng'ambo ya njia pamoja na mataifa. Nilimwaga mchanga wangu kaburini walipokwisha kuondoka. Sisimulii hayo ili nihurumiwe, yamepita. Nayasimulia ili msomaji ajue kwamba anapomwambia mtu "ukiona dini imekushinda, toka," anamwambia jambo lenye bei, na bei hiyo yeye hakuwahi kuiona imeandikwa.

Niliwezaje kuilipa? Sikuilipa kwa hoja. Mtu mmoja, fundi cherehani wa Tandale aliyetoka katika kusanyiko hilohilo kabla yangu, alisikia habari zangu akanifuata. Hakuniuliza ninaamini nini. Hakunipeleka kwa mchungaji wake mpya, na kwa kweli sikupata kujua kama alikuwa naye. Alinipa nafasi sakafuni karibu na cherehani zake, akanifundisha kupiga vifungo, na jioni akanipeleka kwa mama ntilie akamwambia, "Huyu ni ndugu yangu, akipungukiwa andika kwangu." Nilikaa kwake miezi minane. Kama mzee yule angefuata ile busara ya kuwaachia wenzake wenyewe, mimi ningerudi kusanyikoni kabla ya mwezi kwisha, si kwa sababu ya imani, bali kwa sababu ya njaa.

Ndiyo maana nasema wajibu huu ni wa waliotoka kuliko wa mtu mwingine yeyote. Mchungaji wa kanisa jingine hajui ni saa ngapi za usiku mtu huyo hulia. Ofisa ustawi wa jamii hajui kwamba neno "mataifa" bado linamchoma anapokula hotelini. Aliyetoka anajua. Mto huulizwa kwa aliyeuvuka, maana yeye ndiye ajuaye mamba wako wapi.

Anayedhani ninakuza mambo na ayatazame yaliyotokea jirani zetu. Mwezi Aprili mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, polisi walianza kufukua makaburi ya wafuasi wa Paul Mackenzie, mhubiri aliyeanzisha kanisa la Good News International huko Malindi. Ilidaiwa kwamba waliambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Miili iliyofukuliwa ilizidi 400, na mingi ilikuwa ya watoto. Mackenzie alishitakiwa kwa makosa kadhaa, ya mauaji yakiwemo, akayakana. Kesi zilianza kusikilizwa Mombasa mwaka 2024. Lakini lililo muhimu kwa hoja yangu ni yale yaliyotangulia. Mhubiri huyo hakuanza na njaa. Alianza na shule, akafundisha kwamba elimu ni ya shetani. Akaja kwenye hospitali. Serikali ya Kenya ilipoleta Huduma Namba mwaka 2019, akaipinga kuwa ni alama ya mnyama. Kisha waumini wakauza vitu vyao wakahamia msituni. Tazama mpangilio huo: shule, zahanati, kitambulisho, mali. Kila kimoja kilikuwa mlango wa kutokea, na kila kimoja kilifungwa kwa zamu yake. Siku ya kufunga chakula ilipofika, hapakuwa na mlango uliobaki.

Mackenzie alikuwa amekwisha kukamatwa mwaka 2017 na tena mwaka 2019, akaachiwa. Kamati ya Seneti ya Kenya iliyochunguza mkasa huo ilivilaumu vyombo vya dola kwa kutochukua hatua mapema. Na miongoni mwa waliopiga kelele kabla ya makaburi kufukuliwa walikuwamo jamaa wa waumini na watu waliowahi kuwa ndani ya kanisa lile. Hao nao, bila shaka, kuna mtu aliyewaambia, "Mmeshatoka, wenzenu waachieni wenyewe." Nani leo atasimama mbele ya yale makaburi aseme kwamba ilikuwa busara?

Liko jambo jingine la Shakahola ambalo wengi wamelisahau. Baadhi ya waliookolewa walikataa kula. Mwezi Juni mwaka 2023 watu 65 kati yao walifikishwa mahakamani Mombasa kwa shitaka la kujaribu kujiua. Mtu ametolewa msituni mifupa mitupu, naye anaona aliyemtoa ni adui, na dola haina jibu ila karatasi ya mashitaka! Hapo ndipo alipohitajika mtu wa kuketi kitandani pake na kumwambia, "Hata mimi nilikuwa huko." Na mwaka 2025, wakati Mackenzie akiwa gerezani, miili zaidi ya 30 ilifukuliwa tena Kwa Binzaro, si mbali na Shakahola. Kumfunga kiongozi ni jambo la lazima, lakini si sawa na kuwafungulia wafuasi.

Uganda walikwisha kuyaona hayo kabla. Kule Kanungu, kundi la Urejesho wa Amri Kumi za Mungu la kina Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde liliwafundisha watu wake kuuza mali na kuleta fedha kundini, na hata kunyamaza, wakiongea kwa ishara za mikono wasije wakavunja amri kwa ndimi zao. Mwisho wa dunia ulitangazwa kuwa mwisho wa mwaka 1999. Dunia haikwisha, na inasemekana kwamba baadhi ya wafuasi wakaanza kudai mali zao. Tarehe 17 Machi 2000 kanisa lao liliteketea na mamia ya watu ndani, kisha mamia ya maiti wengine wakapatikana katika mashimo kwenye nyumba za kundi hilo. Viongozi hawakupata kufikishwa mahakamani. Hebu mfikirie mtu wa Kanungu aliyekwisha kushituka mwezi Januari mwaka ule. Shamba ameuza, ng'ombe ameuza, ndugu amewatukana. Arudi wapi? Kundi lilikuwa limechukua mali yake, na pamoja na mali likawa limechukua njia yake ya kurudi nyumbani.

Wapo watakaosema kazi hii ni ya Serikali: isajili, ikague, ifunge. Sikatai. Mhalifu akamatwe, na mtoto aokolewe. Lakini tusiipe amri ya Serikali uwezo isiokuwa nao. Nchi yetu iliwapiga marufuku Mashahidi wa Yehova mwaka 1965, marufuku ikaondolewa mwaka 1987. Katika miaka hiyo 22 hawakwisha. Walikutana kwa siri, na walipofunguliwa walikuwapo. Silinganishi watu hao na Mackenzie, hawakuua mtu. Ninachosema ni kwamba tangazo la dola linaweza kufunga jengo, haliwezi kumpa mtu pa kwenda. Rwanda ilifunga makanisa kwa wingi mwaka 2018, na tena mwaka 2024, ikitaka majengo salama na wachungaji waliosoma. Huenda majengo yamekuwa bora. Lakini mwanamke aliyeambiwa na mchungaji asizungumze na mama yake hasaidiwi na choo kizuri wala na shahada ya mchungaji.

Sasa nawageukia watu wa upande wangu, na huko sitawabembeleza. Wapo waliotoka ambao wanadhani kusaidia maana yake ni kuvuta. Marekani, katika miaka ya 1970, Ted Patrick alijipatia jina kwa kazi ya kuwateka vijana waliojiunga na dini mpya, wakifungiwa vyumbani na kusemeshwa mchana na usiku mpaka wakane. Wazazi ndio waliolipa. Mchezo huo uliendelea mpaka kesi ya kijana Jason Scott, aliyetekwa kwa namna hiyo kutoka katika kanisa la Kipentekoste. Mwaka 1995 baraza la mahakama lilimpa fidia ya mamilioni ya dola, na shirika lililohusishwa na utekaji huo likafilisika. Huko Japani, Toru Goto, muumini wa Kanisa la Muungano, alifungiwa ndani na jamaa zake kwa zaidi ya miaka 12, tangu 1995 hadi 2008, ili aikane imani. Hakuikana. Mahakama Kuu kabisa ya nchi hiyo ilithibitisha fidia yake mwaka 2015. Kanisa hilohilo liliamriwa na mahakama ya Tokyo mwaka 2025 livunjwe kwa jinsi lilivyokamua fedha za watu. Lakini ubaya wa kanisa haukuifanya kufuli ya mlango wa Goto kuwa halali. Ukimfungia mtu ili umpe uhuru, umemthibitishia kila alichoambiwa juu yako.

Na sisi tunazo namna zetu. Nimeona kaka wakimkamata dada yao baada ya mkesha, wakamfunga kanga mikononi, wakampeleka kwa mganga ili "atolewe ulokole". Nimeona mtu akimtoa mwenzake kwa nabii mmoja, na Jumapili ya pili akamkabidhi kwa nabii mwingine, sadaka ileile, maji yaleyale, jina tu limebadilika. Huko si kumtoa mtu, ni kuhamisha ng'ombe kutoka zizi hili kwenda zizi lile. Tena siku hizi wapo wanaorekodi kejeli katika simu zao, wakiigiza namna wenzao wanavyonena kwa lugha, na watu wanacheka na kusambaza. Huo nao wanauita msaada! Muumini anayejiona anachekwa haji kwako. Hukaza mlango, na ana haki ya kuukaza.

Wengine hutushutumu kwamba aliyetoka ana chuki, kwa hiyo ushahidi wake si wa kuaminika. Jibu ni rahisi. Upimwe, kama unavyopimwa ushahidi wa mtu yeyote. Mfanyakazi aliyefukuzwa kiwandani anaweza kuwa na chuki, na bado akasema kweli kwamba boila limepasuka. Kinachotakiwa ni kwenda kuliangalia boila, siyo kuupima moyo wa mfanyakazi.

Limebaki pingamizo moja zito, nami nalipa heshima yake. Je, kama mtu ana furaha huko aliko? Kwa nini nimvunjie nyumba kwa ajili ya uhuru ambao hakuuomba? Ninaye mdogo wangu wa kike ambaye mpaka leo yumo katika kusanyiko lile. Ana mume wake, anauza vitumbua, anaimba. Kila baada ya wiki kadhaa hupita kwangu kwa mlango wa uani, ingawa hakutakiwa kupita. Tunazungumza bei ya unga na mafuta. Hajapata kuniambia kwamba anataka kutoka, nami sijapata kumwambia atoke. Sitamwambia. Asiyebisha hodi haburutwi. Lakini anajua, kwa kuwa nilimwambia mara moja tu na sikurudia, kwamba chumba cha nyuma hakipangishwi. Mke wangu alikwisha kupiga hesabu ya kodi tunayoikosa kwa miaka yote hiyo, na hesabu si ndogo. Chumba kinakaa.

Hata hivyo, kwa watoto kanuni ni nyingine. Mtu mzima akikataa kidonge cha malaria, nitabishana naye na mwisho nitamwacha. Mtoto wa miaka mitano hajakataa kitu, amekataliwa. Mwanzoni mwa mwaka jana mwanawe huyo mdogo wangu alishikwa na homa siku nne, wakamwombea. Siku ya tano nilikwenda mwenyewe na bajaji, nikamwambia shemeji yangu mambo mawili: kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mzazi ampe mtoto matibabu, na kwamba sheria hiyohiyo inamtaka mtu yeyote mwenye habari za mtoto anayenyimwa haki yake azipeleke kwa mamlaka ya serikali za mitaa, nami ofisi ya mtaa naijua iliko. Mtoto alitibiwa. Mdogo wangu hakuja kwangu miezi mitatu baada ya hapo. Niliikubali bei hiyo, na ningeikubali tena.

Basi, wajibu wa aliyetoka ni upi? Naona ni mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji uhodari wa kubishana.

Kwanza, ajulikane yuko wapi. Asijifiche Mbagala kana kwamba ameiba. Aliye ndani akiwaza kutoka, awe na sura moja anayoikumbuka.

Pili, awe na pa kumlaza mtu na cha kumlisha, hata kwa wiki mbili. Asiyekuwa na chumba awe na mkeka. Huko New York lipo shirika liitwalo Footsteps, lililoanzishwa mwaka 2003 na mwanamke aliyetoka katika jumuiya kali ya Wayahudi wa Kihasidi. Haliendi kuwatoa watu huko. Linawangoja waliokwisha kuamua, likiwasaidia shule, kazi na wenzao wa kuzungumza nao. Wamarekani wamehitaji shirika; sisi tunaweza kuanza na vyumba vitatu Tandale, Kijitonyama na Temeke.

Tatu, na hili kwangu ndilo kubwa, tuwe na chama cha kuzikana. Mjini kila kabila linacho, kila soko linacho, hata madereva wa daladala wanacho. Waliotoka katika dini kali hawana, maana kila mmoja alitoka peke yake. Turubai, viti, sanduku, na watu 20 wa kushika jembe. Siku waumini watakapoona kwamba aliyetoka amezikwa kwa heshima, na watu wamejaa, hofu yao kubwa kuliko zote itakuwa imejibiwa, wala hapatakuwa na aliyehubiri.

Nne, tusidai malipo. Anayetoka asidaiwe imani mpya, wala shukrani, wala ushuhuda jukwaani. Akitaka kwenda msikitini, aende. Akitaka kanisa jingine, aende. Akitaka kulala Jumapili mpaka saa nne, alale. Na akitaka kurudi alikotoka, arudi, na mkeka wake usikunjwe, maana wengi hutoka mara mbili au tatu kabla ya kutoka.

Ninyi mnaotuambia tuwaachie wenzetu wenyewe, jueni kwamba hakuna aliye mwenyewe kule. Kila mmoja ana kiongozi, ana mlinzi wa zamu, ana jina katika daftari. Aliye peke yake ni yule aliyesimama kizingitini usiku na mfuko wa nguo, hana anayemjua upande wa nje. Sisi tulikwisha kusimama hapo. Tukinyamaza, tusijidanganye kwamba tunauheshimu uhuru wake. Tutakuwa tumemsaidia yule anayetaka mlango ubaki umefungwa.